Kumtambua Sisimizi Porini: Mwongozo Kamili wa Anayeanza Jijini Nairobi

Anayeanza kupiga picha za sisimizi huwa na swali moja: huyu ni spishi gani? Mara nyingi jibu la kweli haliwezi kufika huko. Duniani kuna zaidi ya spishi 14,000 za sisimizi zilizokwisha kupewa majina ya kisayansi, na nyingi za Afrika hazitenganishwi bila darubini na mdudu mwenyewe kuwa mezani. Jenasi, yaani lile neno la kwanza katika jina la kisayansi, ni jambo jingine. Hiyo unaweza kuifikia kwa macho yako, lenzi ndogo na subira. Kwa hiyo mwongozo huu unakupeleka hadi kwenye jenasi, na unakuomba utosheke hapo mpaka ushahidi ukuruhusu kwenda mbele. Jenasi uliyoithibitisha kwa viungo ulivyoviona ina faida kuliko jina la spishi lililopatikana kwa kufananisha rangi.

Nairobi inafaa sana kwa kazi hii. Jiji liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Upande wa kaskazini na magharibi kuna udongo mwekundu na mabaki ya misitu kama Karura na Ngong Road. Ukielekea Embakasi au Kitengela unaingia kwenye udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha, pamoja na nyika ya miiba. Nauli ya matatu moja inakutoa kwenye jamii moja ya sisimizi na kukushusha kwenye nyingine kabisa.

Kwanza, hakikisha ni sisimizi

Hatua hii hurukwa na wengi, na ndipo makosa mengi huanzia.

Mchwa si sisimizi, wala si ndugu wa karibu. Mchwa ana vipapasio vilivyonyooka kama shanga zilizotungwa, na mwili wake ni mnene mfululizo bila kiuno. Sisimizi ana vipapasio vilivyopinda kama kiwiko: pingili ya kwanza ni ndefu, kisha vinakunja. Tofauti hii hukusaidia hasa baada ya mvua, kwa sababu kumbikumbi na sisimizi wenye mabawa wanaweza kuruka jioni moja na kurundikana chini ya taa ileile. Mabawa manne ya kumbikumbi yanalingana urefu. Ya sisimizi, yale ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma.

Yupo pia yule mdudu mwembamba mwenye mikanda ya rangi ya chungwa na nyeusi, maarufu kwa jina la Nairobi fly. Huyu ni mbawakawa. Kwa mbali, anavyokimbia huku amebinua ncha ya mkia, hufanana sana na sisimizi. Usimguse na usimponde, kwani majimaji ya mwili wake yana sumu inayochoma ngozi na kuacha malengelenge. Akitua juu yako mpulize, kisha osha mahali hapo kwa sabuni na maji. Anayewinda sisimizi Nairobi msimu wa mvua lazima amjue huyu kabla ya kunyoosha mkono wowote.

Wapo buibui wanaoiga sisimizi kwa ustadi wa kushangaza, wakiinua miguu ya mbele ili ionekane kama vipapasio. Hesabu miguu, ikiwa minane, umedanganywa. Na ukimwona mdudu mwenye manyoya mazito, mara nyingi yenye madoa meupe, anayekimbia peke yake juani, huenda ni nyigu jike asiye na mabawa. Mwiba wake unauma vibaya sana. Mtazame tu.

Vifaa

Kinachohitajika ni kidogo. Chukua lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Zile za mafundi wa simu na saa zinatosha, na ukizunguka maduka ya vifaa vya elektroniki Luthuli Avenue hutakosa. Ongeza simu yenye lenzi ndogo ya kubana mbele ya kamera, brashi laini ya kuchorea, chupa ndogo ya plastiki yenye kifuniko, sahani nyeupe, rula fupi, daftari na penseli. Wino huyeyuka ukiguswa na maji au spiriti, penseli haiyeyuki.

Mdudu akikimbia sana, mwingize kwenye chupa na umweke ndani ya friji kwa dakika chache. Baridi itampunguzia kasi bila kumuua. Mwage juu ya sahani nyeupe kando ya rula, umpige picha upesi, kisha umrudishe pale ulipomtoa.

Jambo moja la usalama wa mjini: kabla ya kuchutama kando ya geti la mtu na simu mkononi, msalimie askari na umweleze unachofanya. Sentensi mbili za heshima zitakuokolea nusu saa ya maswali, na mara nyingi askari huyo ndiye atakayekuonyesha siafu walipopita usiku.

Picha tatu

Mtaalamu hawezi kukusaidia kwa picha moja ya mgongoni. Mpige kutoka ubavuni, kutoka juu, na usoni akikutazama. Ubavu ndio wa lazima, kwa maana ndipo kiuno kinapoonekana. Uso unaonyesha macho, mataya na mahali vipapasio vinapochomoza. Kama kundi lina wadudu wa ukubwa tofauti, mpige mmoja mdogo na mmoja mkubwa kabisa. Kwa baadhi ya jenasi, huyo mkubwa ndiye anayebeba jibu lote.

Kiuno ndicho ufunguo

Hapa ndipo pa kutulia. Kati ya kifua na tumbo, kila sisimizi ana kiuno chembamba. Kabla hujawaza rangi, kabla hujawaza ukubwa, jiulize: kiuno hiki kina pingili moja au mbili?

Mtazame kutoka ubavuni. Ukiona nundu mbili ndogo zikifuatana ndipo tumbo lianze, umeingia kwenye kundi kubwa lenye Pheidole, Crematogaster, Tetramorium, Monomorium, Messor na Myrmicaria. Wapo pia Tetraponera, ambao wana pingili mbili lakini ni wa ukoo mwingine: mwili mrefu mwembamba, macho makubwa, miguu mifupi, na maisha yao mengi yako mtini.

Ukiona nundu moja tu, angalia ncha ya tumbo. Ikiwa na kitundu cha mviringo kilichozungushiwa vinywele, huyo hana mwiba. Silaha yake ni asidi anayoirusha. Hapo wamo Camponotus, Lepisiota na Polyrhachis. Ikiwa ncha ina mwiba, na tumbo lenyewe limebanwa kidogo baada ya pingili yake ya kwanza, huyo ni wa ukoo wa Ponerinae, wawindaji wanaochoma kwelikweli. Wengine wenye nundu moja hawana mwiba unaoonekana wala kitundu chenye vinywele, ila mpasuko mwembamba. Hao ni akina Tapinoma na Technomyrmex, wadogo na laini, na Tapinoma hutoa harufu akipondwa. Siafu nao wana nundu moja, lakini utawajua kwa jambo jingine kabisa: wafanyakazi wake hawana macho.

Baada ya kiuno, tafuta miiba nyuma ya kifua. Ipo? Ni mifupi au mirefu? Kisha hesabu pingili za kipapasio ukianzia ile ndefu. Hesabu hii huchosha na huhitaji picha safi, lakini hutenganisha jenasi ambazo kitu kingine hakizitenganishi. Lepisiota ana pingili 11, Camponotus 12, na Myrmicaria ana 7 tu.

Rangi iache mwisho. Sisimizi aliyetoka kwenye kifukofuko juzi huwa wa rangi hafifu ya manjano hata kama wenzake wote ni weusi, na spishi moja inaweza kubadilika rangi kutoka eneo hadi eneo.

Utakaokutana nao, mahali kwa mahali

Anza pale ulipo. Kwenye njia za waenda kwa miguu, nyufa za saruji na bustani fupi za mjini kama Jeevanjee, tafuta mdogo mweusi anayeng'aa na kukimbia huku na huko bila kutulia. Ikiwa ana nundu moja, na juu ya nundu hiyo kuna vijino viwili, huyo ni Lepisiota. Akiwa na nundu mbili, anatembea polepole, na mbele ya kichwa kuna matuta yanayozunguka mashina ya vipapasio, fikiria Tetramorium. Mdogo zaidi, laini, asiye na miiba kifuani, mwenye nundu mbili, na anayeingia kwenye sukari jikoni kwa mstari mwembamba, mara nyingi ni Monomorium.

Usiku washa tochi ukutani na kwenye mashina ya miti ya uani. Sisimizi wa miguu mirefu, wa rangi ya hudhurungi au manjano, wenye wadogo na wakubwa katika kundi moja, huenda ni Camponotus. Thibitisha kwa ubavu: mstari wa mgongo wa kifua chake ni upinde mmoja mwororo, bila miiba wala bonde. Mjini humu kuna Camponotus wa mchana pia, weusi, wengine na tumbo lenye vinywele vya rangi ya dhahabu. Spishi zao zinasumbua hata wataalamu, kwa hiyo andika Camponotus na usonge mbele bila aibu.

Geuza jiwe au gogo, na ulirudishe ulivyolikuta. Ukiona wadogo wengi wenye vichwa vya kawaida, na kati yao wachache wenye vichwa vikubwa kupita kiasi, umewapata Pheidole. Ninamsisitiza huyu kwa sababu ana uzito kwa nchi yetu. Spishi moja, Pheidole megacephala, ni mvamizi aliyefika nyanda za Laikipia na kuwaua sisimizi walinzi wa miti ya miiba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulifuatilia matokeo yake. Miti iliyobaki bila walinzi ilivunjwa na ndovu, maficho yakapungua, na simba wakashindwa kuwavizia punda milia kama zamani, wakageukia zaidi nyati. Mdudu wa milimita mbili au tatu amebadilisha windo la simba. Lakini Kenya ina Pheidole wengine wengi wa asili, na anayeanza hawezi kuwatenganisha kwa picha ya simu. Andika Pheidole, piga picha ya usoni ya askari, yaani yule mwenye kichwa kikubwa, na uache swali wazi kwa mtu mwenye darubini.

Juu ya miti, Karura, Arboretum au City Park, mguse kidogo kwa jani sisimizi anayepanda shina. Akiinua tumbo juu ya mgongo kana kwamba anataka kulitupa mbele ya kichwa, huyo ni Crematogaster. Tumbo lake likitazamwa kutoka juu lina umbo la moyo, kwa sababu pingili ya pili ya kiuno imeungana nalo upande wa juu badala ya mbele. Baadhi yao hujenga viota vyeusi vya majani yaliyotafunwa juu ya matawi. Ukimwona mweusi mwenye miiba kifuani na kwenye nundu yake moja, huyo ni Polyrhachis. Na wa hudhurungi, mwenye miiba mirefu, anayetembea huku amekunja tumbo chini kama anayejificha, akiwa na lundo la udongo kwenye mlango wa shimo lake, ni Myrmicaria.

Wale maji moto wanaoshona majani ya miembe kwa hariri, ambao kila aliyekulia Pwani amewahi kuumwa nao, ni Oecophylla longinoda. Hao ni wa joto la Mombasa na Kilifi. Usitegemee kuwaona Nairobi.

Siafu utawakuta zaidi msimu wa mvua, kwenye njia za msitu na mashamba ya kando ya jiji. Jenasi yao ni Dorylus. Msafara huwa na wadogo katikati na askari wa mataya makali pembeni, wote vipofu, wakifuatana kwa harufu. Simama hatua kadhaa kando, ingiza suruali ndani ya soksi, na uangalie unapokanyaga kabla ya kuinama. Wakikupanda, ondoka kwanza pale ulipo ndipo uanze kuwang'oa. Dume lake halifanani nao hata kidogo: lina mabawa, manyoya na tumbo refu nene, na huja kugonga taa za veranda usiku wa mvua. Wengi hudhani ni nyigu.

Mvua kubwa za Machi hadi Mei na zile fupi za Oktoba hadi Desemba huleta pia malkia wenye mabawa. Mmoja mkubwa ajabu, mweusi mnene, ni wa Carebara vidua, anayejulikana Nyanza kwa jina la onyoso na kuliwa huko. Wafanyakazi wake wana takriban milimita mbili tu na huishi kwenye vichuguu vya mchwa, ndiyo maana watu wengi wanamjua malkia lakini hawajawahi kuwaona watoto wake.

Miti ya miiba ya nyika

Sehemu hii ningependa kila anayeanza aifikie mapema. Kwenye udongo mweusi wa Nairobi National Park na nyanda za Athi na Kitengela huota mgunga mfupi, Vachellia drepanolobium, wenye miiba iliyofura chini kama mipira myeusi yenye vitundu. Upepo ukipita, vitundu hivyo hupiga mluzi. Ndani huishi sisimizi, na kwa kawaida mti mmoja huwa wa kundi moja. Hapa, kwa mara ya kwanza, anayeanza anaweza kujaribu kufika kwenye spishi, maana wanaojulikana kutawala miti hii ni wanne tu.

Crematogaster mimosae ana kichwa na kifua vyekundu na tumbo jeusi, na hukimbilia kushambulia tawi likitikiswa. Crematogaster nigriceps ana kichwa cheusi, kifua chekundu na tumbo jeusi. Hupogoa machipukizi, hivyo mti wake huwa umefungamana na hauzai maua vizuri. Crematogaster sjostedti ni mweusi wote, na hupenda mashimo ya mbawakawa kwenye shina kuliko miiba iliyofura. Wa nne, Tetraponera penzigi, ni mweusi pia lakini mwembamba na mrefu, wala hainui tumbo. Weusi wawili hawa usiwachanganye: tazama umbo la tumbo na tazama wanaishi wapi mtini.

Ndani ya mbuga hushuki kwenye gari isipokuwa mahali palipotengwa, kwa hiyo fanya uchunguzi kwenye vituo hivyo, au kwenye miti ya kando ya barabara nje ya uzio.

Chambo

Kwenye kipande cha karatasi weka tone la asali au maji ya sukari. Kwenye kingine, omena iliyopondwa. Viache chini nusu saa kivulini. Lepisiota na Camponotus hupenda sana utamu, ilhali Pheidole na Tetramorium huvutwa pia na mafuta na nyama. Angalia nani anafika kwanza na nani anamfukuza nani. Njia hii inakupa wadudu waliotulia wakila, na hakuna wakati mzuri zaidi wa kupiga picha ya ubavu.

Daftari

Kwa kila sisimizi andika tarehe, saa, mahali kamili, mwinuko kama simu yako inaonyesha, aina ya udongo, na alikuwa juu ya nini: mti, jiwe, lami, mzoga. Andika alichokuwa akifanya. Kisha andika viungo ulivyoviona kabla ya kuandika jina: "nundu moja, vijino viwili, pingili 11". Jina likija kubadilika baadaye, maelezo hayo hubaki na thamani yake.

Sheria, na malkia

Kutazama na kupiga picha uani kwako hakuna tatizo. Kukusanya ndani ya mbuga na misitu ya serikali ni jambo jingine linalohitaji kibali, na wadudu wamo. Mwezi Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa Naivasha wakiwa na karibu sisimizi 5,000, wengi wao malkia, wakiwamo Messor cephalotes, wale wakubwa wekundu wanaovuna mbegu, ambao huuzwa ghali ng'ambo kwa wafugaji. Tarehe 7 Mei mahakama ya JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, iliwatoza faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja au kifungo cha miezi 12.

Kosa hilo halikuwa dogo. Malkia mmoja akiondolewa, kundi lote alilokuwa aanzishe halitazaliwa, na mbegu ambazo wafanyakazi wake wangezibeba na kuzitawanya nyikani hazitabebwa. Mtu akikuomba umtafutie malkia kwa malipo, kataa. Usitangaze hadharani mahali mahususi pa viota vya Messor pia; kwenye programu za picha, ficha ramani.

Kulitafuta jina

Ukishapata jenasi, fungua AntWeb, hifadhi ya picha inayosimamiwa na California Academy of Sciences. Chagua Kenya, kisha jenasi yako, ulinganishe uso, ubavu na mgongo kwa zamu. Weka picha zako zote tatu kwenye iNaturalist, jukwaa la mtandaoni la kutambua viumbe, na uandike viungo ulivyoviona kwenye maelezo. Usikubali jina linalopendekezwa na mashine kabla hujalipima kwa kiuno: mashine hupenda spishi za Ulaya na Marekani kwa sababu ndizo zenye picha nyingi.

Kama una swali zito, Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill yana idara ya wadudu yenye mikusanyo ya miaka mingi, na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kiko Kasarani. Waandikie kabla ya kwenda, ukiambatanisha picha tatu na ukurasa wa daftari lako. Wakikuomba mdudu mwenyewe, waulize kwanza kuhusu kibali. Ukishaelekezwa, mweke kwenye spiriti yenye nguvu ya asilimia 95 na utumbukize ndani ya chupa kikaratasi cha penseli chenye tarehe na mahali, kwani mdudu asiye na kikaratasi hicho hawataweza kumtumia.